Elimu ya Wasichana wa Kimaasai Tangu Mkataba wa 1904

Historia ya elimu ya wasichana wa Kimaasai nchini Kenya na Tanzania husimuliwa mara nyingi kama mvutano kati ya mila iliyoganda na shule iliyokuja kuikomboa jamii. Katika masimulizi hayo wamisionari, watawala na wafadhili ndio watendaji, wazee ndio wapinzani, na mama na mabinti ni watu wanaosubiri kuokolewa. Mambo yaliyotokea katika muda wa zaidi ya karne moja yanapinga mpangilio huo kwa njia mbili. Kwanza, msichana wa Kimaasai aliachwa nje ya shule kwa sehemu kubwa kwa sababu ya jinsi serikali za kikoloni, na baadaye serikali huru, zilivyogawa ardhi, kodi, umiliki wa ng'ombe na nafasi za masomo. Pili, hatua zilizodumu zilipatikana pale ambapo wanawake wa Kimaasai wenyewe walizungumza na wazee wao, wakatumia ahadi, baraka na makubaliano ambayo jamii ilikwisha kuyaheshimu kabla ya shule kufika.

Suala hili linahusu pia maana ya jamii asilia, yaani jamii ambayo maisha na utamaduni wake hutegemea ardhi fulani, na ambayo imesukumwa pembeni na dola inayoizunguka. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika ripoti ya kikundi chake cha kazi iliyopitishwa mwaka 2003, ilieleza kwamba barani Afrika swali la nani alitangulia kufika halina uzito mkubwa kama swali la kutengwa na la kunyang'anywa rasilimali, na kwa msingi huo wafugaji kama Wamaasai wakahesabiwa pamoja na wawindaji na waokota matunda. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili lilipopigiwa kura tarehe 13 Septemba 2007, Tanzania iliunga mkono na Kenya haikupiga kura ya upande wowote. Kifungu cha 14 cha azimio hilo kinazipa jamii hizo haki ya kuanzisha na kusimamia taasisi zao za elimu, zikifundisha kwa lugha zao na kwa njia zinazolingana na utamaduni wao. Kwa msichana wa Kimaasai, haki hiyo iliandikwa baada ya miaka mia moja ya shule zilizopangwa na watu wengine.

Malezi kabla ya shule

Kabla ya shule za serikali na za misheni, msichana wa Kimaasai alipata elimu yake ndani ya boma, linaloitwa enkang, ambalo ni mkusanyiko wa nyumba za familia kadhaa zinazochunga pamoja. Alijifunza kujenga enkaji, nyumba ya fito, udongo na samadi ambayo hujengwa na mwanamke na huhesabiwa kuwa himaya yake. Alijifunza kukamua, kugawa maziwa kwa wenyeji na wageni, kutunza ndama na wanyama wagonjwa, kuwatambua ng'ombe kwa rangi, pembe na uzao, na kutunga ushanga ambao rangi na mpangilio wake humweleza mvaaji. Vitendawili, hadithi na nyimbo vilimfundisha nasaba, adabu na mipaka ya ndoa.

Katika uchumi huo mwanamke hakuwa mtu asiye na kitu. Maziwa yalikuwa mikononi mwake, na biashara ndogo ya maziwa na ngozi kwa majirani wakulima iliendeshwa na wanawake. Baadhi ya mifugo iligawiwa nyumba yake ili irithiwe na wanawe, na mume hakuweza kuitoa bila kujadiliana naye. Hata hivyo ni lazima kusema wazi kwamba mpangilio huo ulimbana msichana kwa namna nzito. Uchumba ungeweza kupangwa akiwa mtoto mchanga, au hata kabla hajazaliwa, kwa zawadi za tumbaku, asali au blanketi zilizotolewa kwa wazazi wake. Kisha alipitia emurata, tohara ambayo kwa upande wa wasichana ni ukeketaji, yaani ukataji wa sehemu za siri, na baada ya kupona aliolewa na mwanamume ambaye hakumchagua. Haki za mama katika boma na kubanwa kwa binti katika ndoa vilikaa ndani ya nyumba moja, na juhudi za baadaye zingelazimika kulinda la kwanza huku zikiondoa la pili.

Ardhi, kodi na shule ya wavulana

Miaka ya mwisho ya karne ya 19 iliwapiga Wamaasai kwa mapigo mfululizo: homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka na ndui, kipindi ambacho wenyewe hukiita Emutai, yaani maangamizi. Waingereza walikuta jamii iliyodhoofika. Kwa mkataba wa Agosti 1904, uliohusishwa na Olonana, kiongozi wa kidini au oloiboni, Wamaasai wa Bonde la Ufa waliondolewa katika malisho yao bora ili walowezi wapewe, na wakagawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Mkataba wa pili, wa Aprili 1911, uliwaondoa hata Laikipia. Kesi iliyofunguliwa kupinga uhamisho huo ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa kati ya mataifa na kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Upande wa kusini wa mpaka, Wajerumani walitenga hifadhi ya Wamaasai mwaka 1905, na Waingereza walioirithi Tanganyika waliendeleza sera hiyo ya kutenga.

Uhamisho huo una uhusiano wa moja kwa moja na elimu. Jamii iliyokwisha kupoteza ardhi kwa karatasi iliyotiwa alama za vidole ilikuwa na sababu ya kutoiamini taasisi iliyofundisha kusoma karatasi kwa niaba ya mtawala yuleyule. Wakati huohuo utawala ulimtambua mwanamume peke yake kama mkuu wa kaya, mlipa kodi na mwenye ng'ombe. Mnada wa mifugo, chanjo, kesi za baraza na hesabu ya kodi vyote vilimwita mwanamume, na mtaalamu wa anthropolojia Dorothy Hodgson, aliyechunguza historia ya Wamaasai wa Tanzania, ameonyesha jinsi mpangilio huo ulivyozigeuza haki za mwanamke juu ya mifugo, zilizokuwa za kujadiliwa ndani ya familia, zikawa mali ya mume mbele ya sheria. Biashara ya ng'ombe wa mnada ilikua chini ya wanaume, na ile ya maziwa iliyokuwa mikononi mwa wanawake haikuhesabiwa kuwa uchumi.

Shule zilifuata mkondo huo. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kenya ilifungua shule za Wamaasai katika Narok na Kajiado, na Tanganyika ikafuata baadaye katika Monduli, zote kwa ajili ya wavulana. Lengo lilikuwa kupata makarani, wakalimani, wasaidizi wa mifugo na watoto wa machifu wenye nidhamu ya ofisi, na kwa kuwa kazi hizo hazikuwa na nafasi kwa mwanamke, hakuna aliyeona haja ya dawati la msichana. Kila eneo lilidaiwa idadi fulani ya watoto, na wazee waliolazimishwa kutoa mtoto mara nyingi walimtoa yatima, mtoto wa familia maskini au yule ambaye hakutegemewa katika kuchunga. Hivyo shule ilianza katika fikra za watu kama kodi nyingine, iliyolipwa kwa watoto badala ya ng'ombe.

Misheni ndizo zilizowapokea wasichana wachache wa mwanzo. Africa Inland Mission, iliyokuwa na kituo kikuu Kijabe, ukingoni mwa nchi ya Wamaasai na Wakikuyu, iliendesha masomo ya wasichana na ilikuwa pia na kituo Siyiapei karibu na Narok. Lakini mwaka 1929 makanisa kadhaa ya Kiprotestanti yaliwataka waumini na walimu watie sahihi ya kuukana ukeketaji, au watengwe. Wengi waliondoka, shule huru zikaanzishwa katika nchi ya Wakikuyu, na mvutano ukafika hata kwa waumini wa Kimaasai wa Narok. Mapema Januari 1930 mmisionari Hulda Stumpf, aliyefanya kazi na wasichana Kijabe, aliuawa. Dai la misheni lilikuwa la haki kuhusu mwili wa msichana, lakini lilitolewa kama amri ya wageni waliokuwa upande mmoja na waliochukua ardhi, na kwa sababu hiyo kukataa shule na kutetea ukeketaji kuligeuka kuwa namna ya kutetea jamii nzima. Ilichukua miaka mingi kutenganisha mambo hayo mawili.

Katika Tanganyika, Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walioingia katika nchi ya Wamaasai kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1950 walianza pia kwa kujenga shule na kuwaita wavulana, wakiamini kwamba mwanamume akishapatikana familia ingemfuata. Yaliyotokea yalikuwa kinyume: wanaume wengi hawakuja, na wanawake, ambao hawakuwa wamekusudiwa, ndio waliojaa katika ibada. Serikali nayo, katika Mpango wa Maendeleo ya Wamaasai wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitumia fedha katika maji, kufyeka vichaka vya mbung'o na masoko ya ng'ombe, na msichana hakuonekana popote katika hesabu hizo. Mwaka 1959 ndipo kanisa lililotokana na Africa Inland Mission lilipofungua shule ya msingi ya bweni ya wasichana katika mji wa Kajiado, shule ambayo miaka 40 baadaye ingekuwa mfano wa eneo zima.

Uhuru na sheria zenye mapengo

Uhuru ulileta ahadi kubwa kwa watoto wote. Kenya iliondoa karo katika wilaya za wafugaji mwaka 1971 na katika madarasa manne ya kwanza nchini kote mwaka 1974, na ikajenga shule za bweni za gharama nafuu katika maeneo makavu. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, ilipitisha Azimio la Musoma mwaka 1974, ikaanza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, na kwa Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya shule ya msingi kuwa ya lazima. Wakati huo Operesheni Imparnati, tawi la kampeni ya vijiji lililowahusu Wamaasai, iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyopangwa kuwa na shule, zahanati na majosho.

Hatua hizo ziliongeza idadi ya watoto madarasani, na wanaume wa Kimaasai waliopita katika shule walifika mbali. Edward Moringe Sokoine, mzaliwa wa Monduli, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili kabla ya kufariki katika ajali ya gari mwaka 1984. Kwa upande wa wasichana sheria zenyewe zilipingana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Msichana aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7 au 8 alimaliza la saba akiwa na miaka 14 au 15, na hivyo dola iliyomlazimisha asome ilimwachia baba kumwoza katika mwezi uleule wa mwisho wa masomo. Kwa wazazi wengi darasa la saba likawa kituo cha kungojea mahari, yaani ng'ombe wanaotolewa na upande wa mume.

Miaka ya 1980 ilizidisha ugumu. Serikali zote mbili, zikibanwa na madeni na masharti ya marekebisho ya uchumi, zilirudisha michango na karo. Baba mwenye watoto wanne na ng'ombe wachache alichagua mtoto wa kiume, kwa sababu binti angekwenda kwa watu wengine na mwana angebaki kuchunga au kuleta mshahara. Nchini Kenya mashamba ya pamoja ya wafugaji, yaliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968, yalianza kugawanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja, na hati hizo karibu zote ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Mama aliyetaka kumlipia bintiye hakuwa na hati ya kuweka rehani wala ng'ombe wa kuuza kwa uamuzi wake, kwa hiyo nguvu yake ya kuamua juu ya shule ilikuwa imepunguzwa mara mbili, kwanza na mkoloni na kisha na dola huru.

Wanawake wanachukua hatamu

Mabadiliko ya kweli yalianza katika miaka ya 1990, wakati wasichana wachache waliosoma katika vizazi vilivyotangulia walipokuwa walimu, wauguzi na viongozi wa vijiji. Mikutano ya kimataifa, kama ule wa Elimu kwa Wote uliofanyika Jomtien mwaka 1990 na ule wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, ilifungua mifuko ya wafadhili, lakini namna ya kuzungumza na boma ilijulikana kwa wenye boma. Katika Kajiado mwalimu mkuu Priscilla Nangurai aliifanya shule ya wasichana ya mwaka 1959 kuwa pia kimbilio la waliotoroka ndoa. Jukwaa la Waelimishaji Wanawake wa Afrika, linalojulikana kama FAWE na lililoanzishwa mwaka 1992, liliunga mkono kazi hiyo. Msichana aliyepokewa hakuchukuliwa kuwa amekata ukoo wake. Wazazi waliitwa, mazungumzo yakafanyika nao, na upatanisho ulihesabiwa kuwa sehemu ya masomo, kwa sababu mtoto asiye na baba wala mama wa kurudi kwao wakati wa likizo hana usalama wa muda mrefu.

Mfano ulio wazi zaidi wa kuigeuza mila iwe mlinzi wa msichana ulipatikana Naning'oi, katika eneo la Mosiro huko Kajiado, ambako shule ya bweni ya wasichana ilianza mwaka 1999. Wazee na waelimishaji walikubaliana kutumia desturi ya kuwekea uchumba mtoto wa kike, lakini safari hii aliyeweka uchumba alikuwa shule. Zawadi zilitolewa kwa wazazi kwa taratibu zilezile, baraka zikasomwa, na binti akawa ameahidiwa darasa. Kwa kuwa katika desturi binti aliyekwisha kuchumbiwa hawezi kuposwa na mwingine bila aibu na faini, ahadi hiyo ilikuwa na nguvu ambayo amri ya mkuu wa wilaya haikuwahi kuwa nayo. Wazee walibaki na heshima yao ya kutoa na kubariki, na msichana akapata miaka ya masomo.

Nchini Tanzania, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilifungua mwaka 1995 shule ya sekondari ya wasichana wa Kimaasai huko Monduli. Mwaka 1999 Kituo cha Emusoi kilianzishwa Arusha na masista wa Maryknoll ili kuwaandaa wasichana wa jamii za wafugaji kwa sekondari. Taasisi zote mbili zilitambua tatizo ambalo takwimu za uandikishaji hulificha, nalo ni lugha. Msichana wa Ngorongoro au Kiteto huanza shule akizungumza Kimaasai, anafundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha anaingia kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Anayeonekana dhaifu katika hisabati au biolojia mara nyingi amekwama katika lugha ya swali, hivyo mwaka wa maandalizi kabla ya kidato cha kwanza ulikuwa uamuzi wa kielimu uliozibua kizuizi halisi.

Mashirika ya wanawake wenyewe yalikwenda mbali zaidi. Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa Loliondo mwaka 1997 likiongozwa na Maanda Ngoitiko, na Shirika la Maendeleo ya Wanawake wa Kimaasai, maarufu kama MWEDO, lililoanzishwa mwaka 2000, yaliunganisha elimu ya msichana na uchumi wa mama. Vikundi vya wanawake vilipewa mifugo ya kutunza kwa pamoja, mikopo midogo na mafunzo ya haki za ardhi, kwa hoja kwamba mama mwenye ng'ombe wake anaweza kulipa sare, madaftari na nauli bila kuomba ruhusa. Kwa hakika huku kulikuwa kurudisha, kwa sura mpya, sehemu ya haki za mwanamke juu ya mifugo ambazo utawala wa kikoloni ulizifuta, na ndiyo sababu wanawake wengi wa vijijini waliuelewa mpango huo bila kufafanuliwa.

Katika Narok, Agnes Pareyio alikuwa ametembea miaka mingi kutoka boma hadi boma akiwaeleza wanawake madhara ya ukeketaji. Mwaka 2002 alifungua kituo cha uokoaji cha Tasaru Ntomonok kwa msaada wa V-Day, vuguvugu lililoanzishwa na mwandishi wa Marekani Eve Ensler. Wasichana walihifadhiwa hapo, wakapelekwa shule, na wakapitia mafunzo ya utu uzima bila kukatwa, yaani sherehe mbadala ambayo hubaki na mafundisho, nyimbo na baraka za jando la kike na kuondoa kisu. Shirika la Amref liliendeleza njia hiyo Kajiado, ambako Nice Leng'ete, aliyeukimbia ukeketaji akiwa mtoto, alipata kibali cha kuzungumza na wazee na wamorani katika mabaraza ambayo wanawake hawakuwa wakisimama.

Kakenya Ntaiya, aliyezaliwa Enoosaen katika Trans Mara, alichumbiwa akiwa na miaka mitano. Alikubaliana na baba yake kwamba angepitia tohara kwa sharti la kuruhusiwa kumaliza sekondari, na baadaye kijiji kikamchangia ili aende chuo nchini Marekani kwa ahadi kwamba angerudi kuisaidia jamii. Baada ya masomo yaliyomfikisha hadi shahada ya uzamivu katika elimu, alitimiza ahadi: shule yake ya wasichana ilifunguliwa Enoosaen mwaka 2009 ikiwa na wanafunzi 30, na wazazi wanaoandikisha mabinti hukubali kutowakeketa wala kuwaoza. Bei aliyoilipa kwa mwili wake mwenyewe haistahili kulipwa na mtoto yeyote. Wasichana wa Enoosaen wanaingia darasani leo bila kulipa bei hiyo kwa sababu sharti limehamia upande wa mzazi.

Sheria, takwimu na mipaka yake

Sheria zilianza kusogea katika miaka hiyohiyo. Tanzania ilipiga marufuku ukeketaji wa watoto walio chini ya miaka 18 mwaka 1998, ikafuta ada ya shule za msingi kuanzia mwaka 2002, na mwaka 2016 ikafuta ada ya sekondari za chini na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu ndoa ya msichana chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Kenya ilianza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, uandikishaji ukapanda kutoka takriban wanafunzi milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2, na mwaka 2011 ikapitisha sheria inayopiga marufuku ukeketaji kwa umri wowote.

Sheria hizo zimeokoa watoto, na hakuna hoja ya utamaduni inayoweza kuhalalisha kuziondoa. Takwimu za afya nchini Kenya zinaonyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, asilimia 21 mwaka 2014 na asilimia 15 mwaka 2022. Hata hivyo miongoni mwa wanawake wa Kimaasai kiwango cha mwaka 2014 kilikuwa bado asilimia 78. Pengo hilo linaeleza mpaka wa sheria peke yake: mahali ambapo adhabu ilitangulia mazungumzo, sherehe ilifichwa, umri wa kukatwa ulishushwa, au msichana alivushwa mpaka kati ya Kenya na Tanzania usiku.

Dola nayo imewahi kumfungia mlango msichana ambaye ilidai kumlinda. Nchini Tanzania wanafunzi waliopata mimba walifukuzwa shule kwa miaka mingi, na mwaka 2017 kauli ya Rais ilisisitiza kwamba wasirudi. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo watoto waliobakwa, waliorubuniwa njiani kwenda shule za mbali au waliolazimishwa kuolewa. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba 2021, wakati Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha shuleni tangu mwaka 1994. Kwa msichana wa mfugaji anayetembea saa kadhaa nyikani kufika darasani, umbali, bweni salama na ruhusa ya kurudi baada ya kujifungua vina uzito sawa na ada.

Ardhi pia imebaki kuwa kiini cha jambo. Kila ukame mkubwa unapoua mifugo, familia iliyobaki na mabinti na bila ng'ombe hushawishika kuona mahari kama njia ya kurudisha zizi. Uhamisho wa wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, ulioanza mwaka 2022, umefungua upya swali la mwaka 1904 kuhusu nani huamua mahali ambapo wafugaji wataishi, na swali hilo haliwezi kutenganishwa na shule, kwa sababu familia isiyojua itachunga wapi mwakani haiwezi kupanga masomo ya miaka kumi na mitatu.

Matunda ya juhudi hizi yameonekana hadharani. Mwaka 2013 Peris Tobiko alichaguliwa kuwa mbunge wa Kajiado Mashariki, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa na jimbo kuingia Bunge la Kenya, licha ya laana iliyotangazwa na baadhi ya wazee. Soipan Tuya, aliyeingia bungeni mwaka huohuo kama mwakilishi wa wanawake wa Narok, baadaye aliteuliwa kuwa waziri wa mazingira na kisha wa ulinzi. Agnes Pareyio alichaguliwa kuwa mbunge wa Narok Kaskazini mwaka 2022. Wenye umuhimu kama huo ni maelfu ambao majina yao hayaandikwi: walimu wa chekechea wanaofundisha kwa Kimaasai, wauguzi wa zahanati za mbali, na mama waliosoma hadi darasa la saba tu ambao hawakubali binti yao yeyote aishie hapo.

Historia hii inatoa kipimo cha kuupimia mpango wowote wa elimu ya wasichana wa jamii asilia. Mpango unaomtoa msichana katika jamii yake humpa masomo na humnyima kwao. Mpango unaoiachia jamii uamuzi wote humwacha mtoto mikononi mwa waliokwisha kumposa. Shule zilizodumu katika nchi ya Wamaasai zilikataa kuchagua moja kati ya hayo. Zilishikilia bila kuyumba kwamba msichana hakatwi wala haozwi, na kwa uimara uleule zikawapa wazee, mama na lugha ya nyumbani nafasi ya kweli katika kuendesha shule. Serikali za Kenya na Tanzania zina wajibu wa kufuata mfano huo kwa bajeti, kwa mabweni salama, kwa walimu wanaojua Kimaasai katika madarasa ya mwanzo, kwa hati za ardhi zenye majina ya wanawake, na kwa umri wa ndoa wa miaka 18 usio na mwanya. Wanawake wa Kimaasai wamekwisha kufanya sehemu iliyo ngumu zaidi, ya kuwashawishi watu wao wenyewe. Wanastahili dola inayotimiza sehemu yake.